Chungu Kisicho na Tundu

Maji mengi ya mvua ya Singida hayafiki baharini. Sehemu kubwa ya mkoa huu imo katika Bonde la Kati, ambako vijito hushuka kwenye mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Ziwa Singidani na Ziwa Kindai, yaliyo pale pale mjini, hupokea maji kila masika, lakini hakuna mto unaotoka humo. Jua huyakausha maji, chumvi hubaki, na mwaka unaofuata huongezeka nyingine.

Chungu cha maua kisicho na tundu ni Singidani ndogo ya sebuleni. Kila kopo la maji unalomwagia ua huja na chumvichumvi zake. Mmea hunywa maji na kuziacha nyingi kwenye udongo, na kwa kuwa hakuna pa kutokea, hurundikana. Hapa kwetu jambo hilo lina uzito wa pekee, maana Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo visima vyake vingi vina floridi, madini yale yale yanayoyatia meno rangi ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Mimea ya jamii ya Dracaena haiivumilii: floridi hupanda na maji mpaka kwenye ncha za majani, maji yanatoka kama mvuke, yenyewe inabaki na kuziunguza.

Mwenye ua akiona ncha zimekauka hudhani lina kiu, basi anaongeza maji. Hapo ndipo anapoliua. Mizizi nayo hupumua, na oksijeni husafiri ndani ya maji polepole takribani mara 10,000 kuliko hewani. Udongo ukilowa siku nyingi, mizizi hukosa pumzi, huwa laini na myeusi, kisha kuvu huimaliza.

Wengi hutandika kokoto chini ya chungu wakidhani zitayavuta maji. Hazivuti. Maji yaliyoshikwa katika vinyweleo vyembamba vya udongo hayaingii kwenye nafasi pana za kokoto mpaka udongo wa juu yake ushibe kabisa. Matokeo yake ni kulisogeza tope karibu zaidi na mizizi. Kinyweleo chenye upana wa milimita 1 hushikilia maji kimo cha sentimita 3 hivi. Cha milimita 0.1 hufikia sentimita 30, yaani kupita urefu wa vyungu vingi. Ndiyo maana udongo mweusi wa mbugani, mzuri shambani, haufai ndani ya chungu hata kikiwa na matundu.

Dawa yake iko korongoni, bure. Mawe ya matale yanayomeguka hutupatia mchanga wa chenga nene. Changanya sehemu mbili za mchanga huo, moja ya udongo wa juu wa shambani na moja ya samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi ina chumvi nyingi. Kwa Sansevieria, ambayo ndugu zake wengi ni wa nyika kavu za Afrika Mashariki na ambayo hufungua vinyweleo vya majani usiku ili isipoteze maji, punguza samadi na ongeza mchanga.

Ndoo ya rangi inafaa, mradi uitoboe matundu kadhaa kwa msumari wa moto. Chagua chombo kinachozidi cha zamani kwa sentimita 3 hadi 5 tu, kwa sababu udongo usio na mizizi hukaa na maji bure. Kata mizizi iliyooza, legeza iliyojisokota, panda kwa kina kile kile. Kazi hii ya kuhamisha ua ifanyike mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, mmea unapoamka.

Na ukinga maji ya bati, usiyatumie yote kufulia. Yana chumvi kidogo mno kuliko ya kisima. Mara moja moja, ili kuosha chumvi iliyorundikana, mimina taratibu maji yanayotosha kujaza chungu mara mbili, yapite mpaka chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye kisahani.