Redio Inayojua Kusubiri

Huku Munanila, kwenye vilima vya Buhigwe karibu na mpaka wa Burundi, mtu akimwita jirani aliye ng'ambo ya bonde, hunyamaza kidogo. Anaipa sauti muda wa kufika, na jibu muda wa kurudi. Akiita tena mapema, hulifunika jibu la mwenzake. Mimi ni fundi wa mitandao, na redio za masafa marefu zinataka adabu hiyohiyo.

Kazi yangu ya karibuni ilikuwa kuvusha intaneti kutoka shuleni hadi zahanati, kilomita 6 hewani. Nilitumia NanoStation mbili za gigahezi 5, vifaa vyenye antena ndani, vinavyopata umeme kupitia kebo ileile ya mtandao. Zote nilizipanga kwanza mezani kwa mwalimu mkuu, maana juu ya mlingoti, upepo ukivuma, si mahali pa kuandika nenosiri.

Redio hizi hutoka kiwandani na anwani 192.168.1.20. Kompyuta niliipa 192.168.1.10 ili ziwe mtaa mmoja, kisha nikaifungua redio kwenye kivinjari. Nilianza kwa kubadilisha nenosiri la kiwandani, kwa kuwa linajulikana dunia nzima. Nikachagua nchi, Tanzania, kwani masafa na nguvu za kurusha vina sheria zake. Redio ya shule nikaifanya kituo mama, ya zahanati ikawa mteja wake. Jina la mtandao, ufunguo wa siri na upana wa chaneli, megahezi 20, vikawa sawa pande zote. Anwani tu ndizo nilizozitofautisha: 20 na 21. Zikifanana, zitagombana.

Siku ya kufunga nilipanda mlingoti wa zahanati, nikawa naigeuza redio taratibu huku nesi akinisomea namba chini. Hasi 80, hasi 71. Kadiri namba inavyoikaribia sifuri, ndivyo mawimbi yanavyozidi nguvu.

"Sasa, dada?"

"Hasi sitini, kaka. Hapohapo, usiguse!"

Hata hivyo, intaneti ilikuja kwa kudondoka. Nilikagua kebo, nikatazama kama kuna mkaratusi uliokatiza njia. Njia ilikuwa nyeupe. Kosa lilikuwa langu: kisanduku cha umbali, katika mipangilio ya redio, nilikiacha kwenye kilomita 1.

Redio ikituma kifurushi cha data, husubiri mwenzake athibitishe kukipokea. Mawimbi huenda mita 300 kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kilomita 6 ni sehemu 20 za kwenda na 20 za kurudi. Redio yangu, ikidhani jirani yuko karibu, ilikata tamaa jibu likiwa bado njiani, ikatuma upya kilekile. Niliandika kilomita 7, kidogo zaidi ya umbali wenyewe, pande zote mbili. Ukurasa ukafunguka papo hapo. Kwa kurefusha subira hiyo, na kwa antena kubwa vilimani, mwaka 2007 Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha Wi-Fi kilomita 382 huko Venezuela.

Kabla ya kuondoka nilibandika karatasi ndani ya kabati la zahanati: anwani mbili, chaneli, hasi 60, kilomita 7. Nesi aliisoma, kisha akaweka kidole kwenye ile ya mwisho.

"Hii ndiyo ya kusubiri jirani?"

"Ndiyo, dada. Hiyo hasa."