Moto Ndio Uliopanga Nyumba

Ukitaka kujua kwa nini paa la nyumba ya kale limenyanyuka vile, usianze kuuliza mwenye nyumba alikuwa na pesa kiasi gani. Uliza moto uliwashwa wapi. Kanuni hiyo inaeleza msonge wa Wazigua na Wasambaa wa Handeni na Korogwe, na inaeleza vilevile kumbi kuu za makabaila wa Uingereza, ambazo leo watalii hulipa kiingilio ili wazione.

Tuanze na msonge. Fundi huchimbia nguzo kwa duara, huzungusha fito, hukandika udongo, kisha husimika makombamoyo yanayokutana kileleni. Nyasi hazitaki paa lililolala. Likiwa chini ya nyuzi 45 hivi, maji ya mvua hayateremki upesi. Yanazama ndani na nyasi zinaoza. Ndiyo maana nyumba yenye ukuta mfupi huwa na kilele kirefu.

Nafasi hiyo ya juu haikai bure. Katikati ya sakafu kuna mafiga matatu, na juu yake uchaga wa mahindi na mbegu. Moshi hupanda, huyapitia mahindi na kuwasumbua fukusi, kisha hujipenyeza taratibu kwenye nyasi na kutokea nje. Hakuna dohani wala dirisha la maana. Ukiinua macho utaona fito na kamba zimeshika masizi meusi, mazito, yanayong'aa moto ukiwaka. Masizi hayo ndiyo dawa ya paa, maana wadudu hawayapendi na unyevu hukauka. Msonge ulioachwa miezi mingi bila moto huharibika mapema.

Watu nao hukaa kwa kufuata moto. Mbuzi na kuku huwa karibu na mlango, kitanda cha mwenye nyumba upande wa ndani, na wageni juu ya vigoda kuzunguka mafiga. Kwa wakubwa nako hali haikutofautiana sana. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipopanda Vuga mwaka 1857, kwenye milima iliyo juu ya Mombo, makao makuu hayo ya Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, yalikuwa mji wa miti, udongo na nyasi. Mfalme Kimweri ye Nyumbai, mzee na mgonjwa, aliwapokea nyumbani mwake akitumaini wana dawa ya kumrudishia nguvu.

Sasa twende Penshurst Place, katika jimbo la Kent. Ukumbi wake ulianza kujengwa mwaka 1341 kwa ajili ya Sir John de Pulteney, mfanyabiashara aliyekuwa meya wa London mara nne. Una urefu wa karibu mita 19, upana wa mita 12, na paa la mbao linalofika mita 18 hivi kutoka sakafuni. Katikati ya sakafu bado lipo meko la pembe nane. Moshi wake ulipanda na kutokea kwenye tundu la kileleni. Kimo kile kilikuwa fahari, lakini pia kiliuweka moshi juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakila.

Ukiingia humo hukutani na bwana moja kwa moja. Kwanza unapita kwenye ujia uliokingwa kwa kiambaza kirefu cha mbao, kilichozuia upepo wa mlangoni usiutimue moshi na kuleta baridi ndani. Upande mmoja wa ujia kuna milango mitatu: wa stoo ya mikate, wa stoo ya vinywaji na wa kwenda jikoni. Upande wa pili ndio ukumbi, na mwisho wake kabisa, mbali na upepo na pilikapilika za watumishi, kuna jukwaa la meza ya bwana. Cheo cha mtu kilijulikana kwa umbali wake na mlango, kama ilivyokuwa ndani ya msonge.

Mafundi wa pande zote mbili walisumbuliwa na tatizo moja: mti una urefu wake. Ukitaka msonge mpana zaidi ya makombamoyo uliyonayo, unalazimika kuongeza nguzo za ndani. Kumbi za kale za Uingereza nazo zilijaa nguzo. Katika miaka ya 1390 seremala Hugh Herland aliezeka ukumbi wa Westminster, wenye upana unaozidi mita 20, bila nguzo hata moja katikati. Alitoa mikono mifupi ya mbao kutoka ukutani, kila mmoja ukibebwa na tegemeo lililopinda, hadi pengo la katikati likawa la kuvukika.

Kisha moto ukahama. Dohani zilipoenea Uingereza, meko lilisogezwa ukutani na kila chumba kikaweza kuwa na lake. Bwana akaenda kula faragha. Katika Hardwick Hall, nyumba ya miaka ya 1590 iliyochorwa na Robert Smythson, ukumbi umekuwa mahali pa kuingilia na kupita tu.

Kwetu Tanzania moto ulitoka nje kabisa. Nyumba ya pembe nne, yenye ujia katikati na vyumba huku na huku, ilipanda kutoka pwani kwa njia za misafara. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, iliyowakusanya watu vijijini, ikazipanga nyumba kwa mistari, bati likachukua nafasi ya nyasi, na jiko likajengwa uani. Hata nyumba ambazo Serikali imewajengea wanaohama kutoka Ngorongoro huko Msomera, Handeni, tangu 2022, ni za matofali na bati.

Kuuondoa moshi ndani ya nyumba ni faida kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Lakini pamoja na moshi tuliondoa kimo. Bati hukubali mwinuko wa nyuzi 15 au pungufu, na kenchi fupi hula mbao chache, kwa hiyo fundi hulaza paa. Sebule ya Korogwe, bondeni kando ya mto Pangani, hukaa chini ya bati la moto na silingi bodi inayokaribia kichwa.

Dawa yake haina gharama kubwa ikiwekwa wakati wa kupaua. Nyanyua kenchi kidogo. Acha matundu kwenye pembetatu za ukuta, pande zote mbili, ili hewa moto iliyo juu ya silingi ipate pa kutokea. Toa upenu mpana ukinge kuta na jua. Panga mlango wa mbele uelekeane na wa uani, ili upepo upite sebuleni. Matundu yale yafunike kwa wavu wa chuma, maana ukiyaacha wazi, wapangaji wako wa kwanza watakuwa popo.