Rekodi za Jicho, Kuanzia Konea Hadi Furu wa Ziwa Victoria

Ukiingiwa na vumbi jichoni ukiwa kwenye bodaboda, unashuka Nshambya kuelekea soko la Bukoba, utajua bila kuambiwa ni wapi mwilini panapoongoza kwa kuuma. Ni konea, kile kioo cha mbele kinachofunika mboni. Hakuna sehemu nyingine ya mwili yenye ncha za neva zilizosongamana kiasi hicho, na unene wake wote katikati ni kama nusu milimita tu. Konea hiyohiyo hufanya takribani theluthi mbili za kazi ya kupinda mwanga ili utue kwenye retina. Lenzi, inayopewa sifa zote, inamalizia tu.

Kingine cha ajabu ni kwamba konea haina mshipa wa damu hata mmoja. Oksijeni inaichukua hewani kupitia machozi. Kwa kuwa damu haifiki, askari wa kinga ya mwili nao huchelewa kufika, na ndiyo sababu konea ilitangulia viungo vikubwa vyote katika upandikizaji. Tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ambao leo uko Jamhuri ya Czech, daktari Eduard Zirm alimpandikizia konea kibarua aliyeunguzwa macho na chokaa. Jicho moja lilikubali. Figo ya kwanza kupandikizwa kwa mafanikio ilisubiri hadi 1954.

Kwa kasi, misuli inayozungusha jicho haikamatiki. Ipo 6 kwa kila jicho, na jicho likiruka kutoka neno moja hadi jingine huweza kuzidi nyuzi 500 kwa sekunde. Simama mbele ya kioo, utazame jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha urudi. Hutaliona likisogea hata kidogo, ilhali mtu aliye pembeni yako anaona kila kitu. Ubongo hufuta picha za safari na kukupa za mwanzo na mwisho tu. Wafanyie watoto jaribio hili, watabishana mpaka uji upoe.

Rekodi ninayoipenda kuliko zote iko majini, mbele ya macho yetu watu wa Bukoba na Muleba. Ziwa Victoria lilikauka takribani miaka 15,000 iliyopita, kisha likajaa tena. Katika muda huo mfupi samaki wadogo tunaowaita furu waligawanyika wakawa spishi zinazokaribia 500. Wanabiolojia hawajui wanyama wengine wenye uti wa mgongo waliozaa spishi nyingi kiasi hicho kwa haraka hivyo, na sehemu ya maelezo iko kwenye macho.

Chukua furu wawili wa upande wa Mwanza. Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake ni la samawati, hukaa karibu na uso wa maji. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, ana dume lenye mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa letu hunyonya mwanga wa bluu haraka, hivyo kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki ni wa njano na mwekundu. Furu wa kina kirefu wana protini ya retina iliyorekebishika kunasa wekundu huo, na majike wao wanavutiwa na madume mekundu. Timu ya mwanabiolojia Ole Seehausen ilieleza hayo katika jarida la Nature mwaka 2008. Kwenye maji maangavu, kama ya kisiwa cha Makobe, kila upande huoa kwao. Maji yakichafuka sana, majike hushindwa kutofautisha rangi, wanachanganyika, na spishi mbili zinaanza kurudi kuwa moja. Sangara amelaumiwa sana kwa kuwamaliza furu, na kwa haki, lakini tope na mbolea zinazotiririka kutoka mashambani nazo zina kesi ya kujibu.

Turudi kwa binadamu, kwenye rekodi zisizo na shangwe. Kinachoongoza kwa kupofusha watu duniani ni mtoto wa jicho, yaani lenzi kuwa na ukungu, mara nyingi kwa uzee. Dawa ya matone haipo, yeyote anayekuuzia anakula hela yako. Kinachotibu ni upasuaji: lenzi iliyofubaa inatolewa, ya bandia inawekwa, na kwa daktari mzoefu kazi huchukua chini ya nusu saa. Wa kwanza kuweka lenzi ya bandia alikuwa Harold Ridley, London, Novemba 1949. Aliona kwamba vipande vya plastiki ya vioo vya ndege za kivita vilivyoingia machoni mwa marubani vilikaa humo bila kuleta uvimbe, akaagiza lenzi itengenezwe kwa plastiki ya aina hiyo. Wenzake walimpinga kwa miaka mingi.

Presha ya macho inaongoza kwa upofu usiorudishika. Haiumi wala haibishi hodi, kwa hiyo aliyefikisha miaka 40 na ana mzazi au ndugu aliyeugua akapimwe.

Kwa upofu wa kuambukiza bingwa ni trakoma. Huacha makovu ndani ya kope miaka nenda rudi mpaka zinajikunja na nywele zake kuchana konea, ile yenye neva nyingi kuliko zote. Kongwa, Dodoma, ni miongoni mwa mahali duniani palipofanyiwa utafiti mwingi zaidi wa trakoma, na huko ndiko jambo dogo la kumnawisha mtoto uso lilipopimwa kisayansi. Nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeitokomeza kama tatizo la afya ya jamii ni Oman, mwaka 2012. Majirani zetu wa Burundi wamethibitishwa 2025. Sisi bado.

Kwa watoto, kisababishi kikuu cha upofu unaozuilika ni upungufu wa vitamini A, na dalili ya mapema ni kujikwaa giza likiingia. Hapa wapenda ndizi tusijidanganye: ndizi zetu za kupika zinashibisha, lakini vitamini hiyo ni kidogo. Viazi lishe vya rangi ya chungwa ndivyo vyenye nayo tele. Mganda Robert Mwanga, aliyezalisha mbegu zake, alikuwa mmoja wa walioshinda Tuzo ya Chakula Duniani ya 2016.

Tanzania pia hutajwa kati ya nchi zenye kiwango cha juu zaidi cha ualbino, takribani mtu 1 kati ya 1,400. Watu huzungumzia ngozi, kumbe darasani kinachomsumbua mtoto ni macho: bila melanini ya kutosha kitovu cha retina hakikomai, macho huchezacheza, na miwani peke yake haimalizi tatizo. Dawati la mbele na ruhusa ya kusogelea ubao humsaidia sana. Mwaka 2010 Salum Khalfani Barwani wa Lindi Mjini akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa mbunge wa jimbo nchini.

Kwa wingi wa watu hakuna kinachoyashinda macho ya uzee, pale mkono unapokuwa mfupi kusoma ujumbe kwenye simu. Huko Kongwa walipimwa watu wa miaka 40 na kuendelea, na zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa nayo. Huko Assam, India, wachumaji chai wa umri huo walipopewa miwani ya kusomea, mavuno yao yalipanda kwa zaidi ya asilimia 20, kwa mujibu wa utafiti wa 2018. Kahawa ya Muleba nayo huchambuliwa kwa macho na vidole, na wapo wanaoichambua wakiwa wameshapita 40.