Gari Likipata Moto Linazima, Likipoa Linawaka? Kabla Hujanunua Pampu, Soma Hii

Ya leo ni kwa wenzangu mnaobeba mzigo na Probox, Succeed, Ist na ndugu zao wenye injini ya 1NZ. Kama gari lako ni jingine la petroli, la plagi nne, usiondoke. Sehemu ya kufungulia inaweza kutofautiana lakini ugonjwa ni huu huu.

Mimi nachukua nyanya Ilula, napeleka Morogoro. Matenga 8 nyuma, naondoka alfajiri ili niwahi wanunuzi. Siku ya kwanza gari lilizima nimeshashuka Kitonga, joto la Ruaha Mbuyuni si mnalijua. Halikutetemeka, halikumisi, lilizima tu kama mtu kazima redio. Nikapiga stata, inazungusha vizuri, injini haiwaki. Nikakaa chini ya mti kama nusu saa nikisubiri fundi. Alipofika akapiga stata, likawaka mara moja! Akasema, "Bosi, hii pampu ya mafuta imechoka." Nikanunua pampu, 70,000.

Wiki iliyofuata likazima tena. Fundi wa pili akabadilisha plagi zote nne, 60,000, na koili moja iliyotumika, 35,000. Ufundi wa hao wawili jumla 50,000. Piga hesabu: 215,000 zimetoka na ugonjwa bado upo.

Mara ya tatu lilinizimia katikati ya hifadhi ya Mikumi, jua linaelekea kuzama. Pale hushuki kwenda kutafuta fundi. Unafunga vioo, unawasha taa za hatari, unaomba Mungu. Nilikaa ndani dakika 40 nawaza tembo mbele na nyanya nyuma. Likawaka. Nilifika Morogoro wanunuzi wangu wameshachukua kwa wengine, mzigo nikautoa kwa bei ya kutupa.

Kesho yake nikaenda kwa mzee mmoja wa gereji pale Msamvu. Hakugusa hata boneti. Akaniuliza, "Linazima likiwa la baridi au likishapata moto? Na linazimaje, linakohoa kwanza au linakata ghafla?" Nilipomjibu akasema tuanze na sensa ya krenki. Mafundi wawili wa mwanzo hawakuniuliza maswali hayo, na mimi sikuwaambia. Kosa letu sote.

Sasa tuelewane hiyo sensa inafanya nini. Kwenye krenki, nyuma ya puli kubwa, kuna sahani ya chuma yenye meno 34. Kwa nafasi yalivyopangwa yangekuwa 36, ila mawili yameachwa makusudi ili libaki pengo. Sensa imekaa jirani na meno hayo, ndani yake kuna sumaku na waya mwembamba sana uliozungushwa mara nyingi. Kila jino likipita, umeme kidogo unazaliwa kwenye ule waya na kwenda kwenye kontroli boksi. Pengo likipita, kontroli boksi inajua krenki imefika wapi. Kwa habari hiyo ndiyo inaamua plagi ipi ipige moto na mafuta yamwagwe lini. Habari ikikatika, inasitisha vyote viwili. Ndiyo maana gari linakata ghafla.

Na joto linaingiaje? Sensa imebanwa kwenye injini, chini kabisa, inapata moto, vumbi, matope na oili inayovuja. Baada ya miaka mingi ule waya wa ndani unapata ufa. Injini ikipata moto vitu vinatanuka, ufa unaachana. Injini ikipoa ufa unagusana tena, gari linawaka kama halijawahi kuumwa. Hapo ndo penye mtego wote: ukiipima sensa asubuhi injini ikiwa ya baridi, inaweza kuonekana nzima kabisa. Fundi atakuambia iko sawa na hatakuwa amekudanganya.

Kwa hiyo gari lipimwe wakati linaumwa. Likizima likiwa la moto, kabla halijapoa, fundi aangalie kama moto wa plagi upo. Pampu ikifa, moto wa plagi kwa kawaida unabaki, kinachokosekana ni mafuta. Sensa ya krenki ikifa, moto wa plagi unaondoka na mafuta hayamwagwi. Tena pampu mara nyingi gari linakosa nguvu na kukohoa kwanza, hasa kwenye mlima. Si sheria ya msahafu, maana ipo pampu inayokata ghafla, rilei nayo inaweza kufanya hivyo, lakini tayari umepunguza kubahatisha.

Fundi mwenye mashine ya kupimia aichomeke huku mwingine anapiga stata, aangalie mzunguko wa injini. Ikiwa injini inazunguka na mashine inasoma sifuri, habari ya krenki haifiki. Namba ya kosa inayohusika ni P0335. Iandike kwenye simu kabla mtu hajaifuta wala kuchomoa betri. Ila jua kwamba gari linaweza kuzima bila kuacha namba yoyote, na namba yenyewe inasema njia nzima ya sensa ina shida, pamoja na soketi na waya. Sensa mpya kwenye waya uliokatika ni pesa ya tatu kupotea. Mwambie fundi apime sensa kwa mita ikiwa bado ya moto. Mita ikionyesha njia imekatika kabisa, hapo mna jibu.

Yangu ilikatika mzee akiwa ameshika mita mkononi, baada ya kuliacha gari linanguruma muda mrefu. Alicheka. Mimi nilikuwa nawaza ile 215,000.

Kuhusu kununua. Usiende dukani kusema "nipe sensa ya Probox". Probox ya NCP50 ina injini ya 1300, NCP51 ni ya 1500, na ipo NCP55 ya kuvuta magurudumu yote. Nenda na namba ya chasisi na sensa ya zamani mkononi, linganisha soketi, urefu na sikio la bolti. Sensa iliyochomolewa kwenye injini ya mtumba mimi sishauri. Nayo imekaa kwenye joto miaka hiyo hiyo, na kaunta ya duka ni ya baridi, huwezi kuujua ugonjwa wake pale. Mpya nilipata kwa 55,000. Zipo za bei ya chini sana zenye boksi zuri, hizo ukinunua hakikisha mwenye duka anakubali kurudishiwa, na aandike kwenye risiti.

Kufunga si kazi kubwa, mzee alinitoza 15,000. Injini ipoe kwanza, kisha waya hasi wa betri utolewe. Gari linanyanyuliwa mbele upande wa kulia na kuwekwa stendi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, tafadhali sana. Ukitoa tairi na plastiki ya kuzuia matope unaiona sensa karibu na puli ya krenki, jirani na kompresa ya AC. Bonyeza kufuli ya soketi, usivute waya. Safisha eneo lote kwanza ili mchanga usidondokee ndani. Bolti ni moja tu, spana namba 10.

Hapo kwenye kuchomoa ndipo watu wanaharibu. Oringi ikikaa miaka inagandia, na kijana mwenye haraka ataingiza bisibisi apige. Kifuniko kile ni cha aluminiamu, kikipata jeraha utahamia kwenye kuvuja oili. Zungusha sensa taratibu kushoto na kulia mpaka iachie. Mpya ipake oili kidogo kwenye oringi, isukume kwa mkono mpaka ikae, ndipo ufunge bolti. Usitumie bolti kuivuta iingie, sikio litapasuka. Na bolti yenyewe ni ndogo, ikazwe kiasi tu. Waya urudi kwenye vishikizo vyake, mbali na mkanda.

Baada ya hapo usiwahi kupakia mzigo. Mimi na mzee tulienda na gari hadi karibu na Doma na kurudi, AC imewashwa, ndipo nikamlipa iliyobaki. Gari linalozima likiwa la moto haliwezi kusemwa limepona kwa kuwaka pale gereji.

Na likikuzimia mteremkoni kabla hujalitengeneza: usukani utakuwa mzito ghafla, ushike kwa mikono miwili. Breki zina nguvu ya kukanyaga mara chache tu, kwa hiyo kanyaga moja ya kutulia, usipampu. Usizungushe ufunguo mpaka mwisho ukiwa unatembea, usukani unaweza kujifunga. Toka barabarani, weka pembetatu, halafu angalia saa. Andika lilizima saa ngapi na liliwaka baada ya dakika ngapi. Karatasi yangu yenye dakika hizo mzee aliisoma kabla ya kushika spana, na bado iko kwenye dashibodi pamoja na sensa ya zamani.