Kilo zinapanda, lakini mtoto hasemi: fahamu aina za kuchelewa kimakuzi

Mama akirudi kliniki hapa Nkuhungu, majirani huuliza: "Ana kilo ngapi?" Mstari kwenye kadi ukipanda, nyumba nzima inafurahi. Lakini mstari ule unapima mwili tu. Hauonyeshi kama mtoto anasikia, anaelewa au anacheza na wenzake. Ndiyo maana mtoto mnene anaweza kufika miaka mitatu bila kusema neno, na hakuna aliyeshtuka.

Makuzi yana pande kadhaa, na mtoto anaweza kuchelewa upande mmoja tu.

Mwendo: Watoto wengi hukaa bila kushikwa kufikia miezi 9 na hutembea wenyewe kufikia miezi 18. Mwili uliolegea au kukakamaa, au kutumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, ni dalili ya kumwona daktari. Huenda mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au aliugua manjano kali au homa ya uti wa mgongo.

Lugha: Akiwa na miaka 2, mtoto huunganisha maneno mawili, kama "mama njoo". Kama nyumbani mnaongea Kigogo na Kiswahili, hesabuni maneno ya lugha zote mbili. Asipoongea, anzeni na masikio: mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake. Hata akigeuka, bado anahitaji kipimo cha hospitali. Kumkata udata hakutibu tatizo la kusikia.

Kuhusiana na watu: Mtoto wa mwaka mmoja asiyeitikia jina lake, au wa miezi 18 asiyeonyesha kitu kwa kidole, achunguzwe. Inaweza kuwa usonji, na usonji hausababishwi na malezi mabaya.

Kuelewa: Mtoto wa miaka 2 hutekeleza agizo jepesi, kama "lete kiatu". Wa miaka 3 huigiza kupika au kubeba mtoto.

Akichelewa pande mbili au zaidi, daktari atatafuta kama kuna chanzo kimoja.

Mara nyingi tunaambiwa, "Wavulana huchelewa," au "Hata baba yake alichelewa." Pengine ni kweli, lakini maneno hayo hayapimi masikio, na miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza lugha kwa kasi zaidi.

Chanjo ya surua-rubella hutolewa miezi 9 na 18. Siku hizo, mwulize muuguzi kuhusu makuzi, si uzito pekee, na omba rufaa ikibidi. Usione aibu: Desemba 2021 Serikali ilizindua hapa Dodoma programu ya kitaifa ya malezi na makuzi ya watoto hadi miaka 8.

Na mtoto akipoteza alichokwisha kukiweza, awe na umri wowote, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke hospitali mara moja.