Galaksi mbili jirani na upepo uliozitofautisha

Mwanachuoni Abdurrahman al-Sufi alipoandika kitabu chake cha sura za nyota, yapata mwaka 964, alieleza habari za sura iitwayo Mbeba Kichwa cha Zimwi. Nyota mashuhuri ya kichwa hicho, Ra's al-Ghul, Wazungu waliipokea kwa jina la Algol. Sisi wa pwani huiona upande wa kaskazini, usiku wa Desemba.

Jirani na nyota hiyo kwa macho tu, ila nyuma yake kwa takriban miaka ya nuru milioni 240, limo kundi la galaksi la Perseus. Galaksi zake zimezama katika gesi nyembamba yenye joto la makumi ya mamilioni ya digrii. Tuzitazame mbili: NGC 1275, iliyotulia katikati, na NGC 1265, ipitayo kando. Kila moja ina shimo jeusi kitovuni mwake, na kila moja hurusha mikondo miwili ya chembe ziendazo kasi mno, ambayo darubini za redio huinasa. Mbona basi maumbo yao hayafanani?

Afukizaye udi nyumbani anajua. Chetezo kikitulia chumbani, moshi hupanda ukatanda darini. Kikibebwa mbio ukumbini, moshi humfuata mbebaji nyuma kama mkia. NGC 1265 yakata gesi kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa sekunde, na mikondo yake yote miwili imepindwa nyuma.

Martin Ryle na Windram wa Cambridge walipoueleza mkia huo mwaka 1968, walidhani unapeperushwa na NGC 1275. Dhana hiyo haikuwa ya kipuuzi, kwani mkia ulielekea upande wa mbali nayo. Mwaka 1972 vipimo vya Westerbork, Uholanzi, vikaonyesha kuwa upepo ule ni wa mwendo wa galaksi yenyewe.

NGC 1275 haina pa kukimbilia. Mikondo yake hugonga gesi nzito ya katikati na kuvimbisha mapovu makubwa. Mwaka 2003 Andrew Fabian na wenzake, kwa darubini ya Chandra, walitangaza kuona viwimbi vya sauti vikitoka humo. Baina ya wimbi na wimbi hupita miaka kama milioni 10. Jambo hili ni zito. Gesi ile ingeachwa ipoe, ingeanguka kitovuni na kuzaa nyota kwa wingi mno. Kumbe gesi hulilisha shimo jeusi, nalo shimo huipasha gesi joto lisiiache ipoe.

Joto hilo husambaa vipi? Mwaka 2016 satelaiti ya Kijapani Hitomi ilikuta gesi ya hapo ikivurugika kwa kilomita 164 tu kwa sekunde, utulivu usiotarajiwa. Wiki chache baada ya kurushwa ikapotea. Mwaka 2023 ikarushwa XRISM, nayo imeelekezwa Perseus vilevile.