Buibui wa Nyumbani na Bustanini

Mtu aamkapo asubuhi akaona shingo au mkono wake umetoka mstari mwekundu wenye malengelenge, nao unawaka kama uliounguzwa kwa moto, aghalabu husikia hukumu moja tu kutoka kwa jirani zake: amekojolewa na buibui. Baada ya hukumu hiyo hufuata ufagio na dawa ya kunyunyizia, na kila buibui aliyeko darini hulipa kwa uhai wake. Lakini buibui hakojolei watu. Malengelenge ya namna hiyo kwa kawaida husababishwa na mbawakawa mdogo mwembamba, mwenye urefu wa kama sentimita moja, ambaye nchini Kenya huitwa nzi wa Nairobi ijapokuwa si nzi. Kichwa chake ni cheusi, kifua ni chekundu kinachoelekea rangi ya chungwa, na mabawa yake ya juu, ambayo ni mafupi mno, hung'aa kwa rangi ya buluu. Huongezeka baada ya mvua nyingi, na usiku huvutwa na mwanga wa taa. Haumi wala hachomi. Sumu yake imo katika majimaji ya mwilini, nayo hutoka anapopondwa juu ya ngozi. Dalili hujitokeza siku moja au mbili baadaye, wakati mkosaji amekwisha kusahauliwa, na macho ya mwenye nyumba humwangukia buibui aliyetulia ukutani. Ni bora mbawakawa huyo apeperushwe bila ya kupondwa, kisha mahali alipotua paoshwe kwa maji na sabuni.

Kwa maana ya kisayansi, buibui si mdudu. Mdudu ana miguu sita, mwili wa sehemu tatu na vipapasio kichwani. Buibui ana miguu minane, mwili wa sehemu mbili, wala hana vipapasio wala mabawa. Jamaa zake ni nge, kupe na utitiri. Karibu buibui wote wana sumu ya kulemaza mawindo, lakini meno ya wengi wao ni madogo au dhaifu mno yasiweze kumdhuru binadamu. Hawatafuni na kumeza kama wanyama wengine: humwagia windo majimaji ya kuliyeyusha, kisha hufyonza kilichoyeyuka. Wote hutengeneza uzi, ila si wote watumiao uzi huo kutega.

Aishiye katika pembe za dari, mwenye mwili mdogo na miguu mirefu myembamba kama nywele, ni mtegaji. Utando wake ni vurugu ya nyuzi zisizo na mpangilio. Ukiguswa, mwenyewe hujitikisa kwa kasi hata umbo lake lisionekane sawasawa, na hiyo ndiyo silaha yake kubwa dhidi ya adui. Jike hubeba mayai yake mdomoni mpaka yaanguliwe. Zile tando nyeusi za masizi zining'iniazo jikoni aghalabu ni mahame. Aliyezisuka alihama zamani, na kuzifagia hakumdhuru mtu.

Buibui bapa wa ukutani hategi. Mwili wake umelala mno kiasi cha kuweza kujificha nyuma ya picha au katika ufa wa mlango, na hukimbia upande upande kama kaa. Mkubwa kuliko huyo ni yule wa rangi ya kahawia ambaye miguu yake ikitandazwa huweza kufikia sentimita kumi, na ambaye huwatia watu hofu kuliko wote. Chakula chake apendacho ni mende. Jike huonekana akibeba chini ya kifua kifuko cheupe cha mayai, cha duara na bapa kama sarafu. Akishikwa kwa mkono anaweza kuuma, na maumivu yake si haba, lakini hana hatari kubwa.

Anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni buibui mrukaji, huyu mfupi, mwenye manyoya, ageukaye kumtazama mtu amtazamaye. Ana macho manane, na mawili makubwa ya mbele huona kwa usahihi wa ajabu kwa kiumbe wa kimo hicho. Kabla ya kuruka hubandika uzi mahali alipo, ili akikosa shabaha asianguke. Katika kundi hili yumo mmoja wa kandokando ya Ziwa Victoria, nchini Kenya na Uganda, ambaye wataalamu walimpa rasmi mwaka 2003 jina la Evarcha culicivora, yaani mla mbu. Huishi katika majani marefu na katika kuta za nyumba. Mwaka 2005 watafiti waliofanya kazi Mbita, pwani ya ziwa upande wa Kenya, walitangaza kwamba buibui huyu hupenda kula mbu jike aliyekwisha kunywa damu kuliko windo lingine lolote. Yeye mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi. Hupata damu ya binadamu na wanyama kwa kumnyang'anya mbu aliyekwisha kuinyonya. Tena huchagua anofelesi, mwambukizaji wa malaria. Vitoto vyake humtambua anofelesi kwa namna atuavyo, tumbo likiwa limeinuliwa juu. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha hata kwamba buibui huyu huvutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa, kwani penye harufu ya binadamu ndipo penye mbu. Chandarua hakiwezi kuwekwa kando kwa sababu yake. Lakini mwenye nyumba wa Kisumu amwuaye ukutani hamsaidii mwingine ila mbu.

Bustanini macho hukutana kwanza na yule mkubwa mwenye utando wa duara, ambao nyuzi zake hung'aa kama dhahabu juani. Aonekanaye katikati ni jike. Dume ni mdogo mno, na mara nyingi hudhaniwa kuwa mtoto. Kutokana na nyuzi za jamaa yake wa Madagaska ilifumwa nguo iliyoonyeshwa New York mwaka 2009, baada ya kukusanywa buibui zaidi ya milioni moja. Rangi yake ya manjano haikutiwa na mtu. Mwingine hufuma katikati ya utando wake mistari minene myeupe yenye umbo la msalaba wa mshazari, na wataalamu wangali wanabishana juu ya faida yake. Juu ya maua hujificha buibui kaa, mweupe au wa manjano, akingoja nyuki.

Wa kutahadhari naye ni mjane wa kahawia. Mwili wake ni mdogo, tumbo ni la mviringo, na chini ya tumbo hilo pana alama ya rangi ya chungwa au nyekundu, mfano wa pembetatu mbili zilizokutana kwa ncha. Hupenda mahali pasipoguswa: chini ya viti, ndani ya vyungu vitupu vya maua, katika vyoo vya nje, ndani ya viatu vilivyoachwa barazani. Ni mwoga, na huuma anapobanwa. Kwa watu wengi maumivu huishia pale alipouma; yakienea mwilini, au misuli ikikakamaa na jasho likamtoka mgonjwa, apelekwe hospitali bila kukawia. Njia rahisi ya kugundua kuwapo kwake ni vifuko vyake vya mayai, vidogo, vya mviringo, vyenye miiba laini pande zote. Vifuko hivyo viondolewe kwa kijiti, wala si kwa kidole, kwa sababu mara nyingi mama yao hayuko mbali.